Huu Moshi Unaandikwa kwa Nani?

Kiangazi kilichopita niliitwa kutafsiri. Shirika moja lilileta mafunzo ya kilimo kwenye kijiji chetu hapa Nakivale, siku mbili, soda na chapati juu yao. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Kampala, mtu anayejua kazi yake na asiye na majivuno. Yeye anasema Kiingereza, mimi nageuza Kiswahili, mwenzangu anageuza Kinyarwanda, na mbuzi wanapita katikati. Tulienda vizuri mpaka akafika kwenye neno moja ambalo maana yake ni kile kinachotoka shambani, kwenye gari au kiwandani, kikapanda juu na kukaa hewani miaka na miaka. Vitabu vya Tanzania vingesema "utoaji wa hewa ukaa". Niliwaangalia mama zetu pale kwenye mkeka, saa nane mchana, jua kali, nikaona nikisema hivyo nitawapoteza wote. Nikasema "moshi".

Kosa, najua. Hewa ukaa haionekani wala hainuki. Lakini hewa ukaa haina mwenyewe, na moshi unaye. Asubuhi hapa kijijini ukiona moshi unajua ni jiko la nani, nani amepata kuni, na nyumba gani leo haijawasha kitu. Kwa hiyo nilipogeuza neno, niligeuza pia swali. Mama mzee mmoja, mtu wa Masisi, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, muulize huyu kijana. Ule moshi wa mashamba yetu ya Kongo, unaandikwa kwa nani? Na huu wa hapa, sisi ambao si watu wa hapa, unaandikwa kwa nani?"

Nikatafsiri. Kijana akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, tutalirudia baada ya chakula. Baada ya chakula tulirudia matuta na mbolea ya mboji. Simlaumu, ratiba ni ratiba. Ila swali lilibaki kwangu kama kibanzi mguuni, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jibu lake, mengine kwenye simu pale kwenye mtandao unaoshika, mengine kwa watu.

Jibu la daftari ni fupi. Mwaka 1992 mjini Rio de Janeiro nchi za dunia zilikubaliana mkataba wa tabianchi, na tangu hapo kila nchi inatakiwa kupeleka hesabu ya gesi zake. Kanuni ya hesabu hiyo ni kwamba gesi inaandikwa kwa nchi ambayo imetoka katika ardhi yake. Nani amewasha, ana kitambulisho gani, hilo halimo. Basi mama, ule wa Masisi ni wa Kongo, huu wa Nakivale ni wa Uganda. Mimi niko hapa tangu 2008 na karatasi zangu ni za mkimbizi mpaka leo, lakini moto wangu ulipata uraia siku ileile nilipopanga mafiga matatu.

Nilipojibu hivyo kichwani mwangu nikajua sijajibu. Sote tunajua "kuandika" kwa lugha ya mtaani ni nini. Ukifika dukani huna pesa unasema "niandikie". Mama hakuuliza kuhusu takwimu. Aliuliza deni ni la nani.

Kwanza tuangalie kilichomo ndani ya deni lenyewe, maana hata mimi nilishangaa. Ukifungua ukurasa wa kilimo katika hesabu za nchi, vitu vikubwa ni methani inayotoka kwa ng'ombe wakicheua na kwenye mashamba ya mpunga yenye maji, na gesi ya nitrojeni inayotoka kwenye mbolea na samadi. Hewa ukaa yenyewe kwenye ukurasa huo ni kidogo. Na ukichoma mabua ya mahindi baada ya kuvuna, ule moshi unaokohoza watoto na kutugombanisha na majirani, hewa ukaa yake haiingizwi kwenye deni kabisa. Sababu yao ni nzuri: mahindi ya msimu ujao yataivuta tena yakikua. Kilichotoka kinarudi. Limekopwa, limelipwa.

Kisichosamehewa ni msitu uliokatwa usirudi. Chukua mti mkavu wa tani moja. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Ukiungua, kaboni inashikana na oksijeni ya hewani, na hewa ukaa inayotoka inafika tani moja na zaidi ya robo tatu. Yaani moshi ni mzito kuliko mti. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilidhani wamekosea, nikarudia mara tatu.

Na hapo ndipo Kongo yetu inapoingia. Hewa ukaa ya kilimo chetu haiko kwenye trekta wala kwenye mbolea ya dukani, kwa kuwa hatuna. Iko kwenye msitu unaogeuzwa shamba. Wataalamu wanaotoa hesabu ya kaboni ya dunia kila mwaka wanasema kwamba kati ya 2013 na 2022 nchi tatu, Brazili, Indonesia na Kongo, zilitoa zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote inayotokana na kubadilisha matumizi ya ardhi duniani. Brazili kuna malisho ya ng'ombe na soya, matajiri wenye mashine. Indonesia kuna mashamba makubwa ya michikichi na ukaushaji wa vinamasi. Sisi tuna panga na shoka. Utafiti uliotoka 2018, uliopitia picha za setilaiti za 2000 mpaka 2014, ulikuta kwamba katika bonde la Kongo karibu asilimia 84 ya eneo la msitu lililoharibiwa lilifyekwa kwa mkono, mashamba madogo ya watu kama baba yangu. Na mstari unapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wa asili uliopotea kwa mwaka ulikuwa chini sana ya wa sasa; siku hizi ni zaidi ya hekta 500,000 kila mwaka.

Lakini fungua ukurasa mwingine wa daftari lilelile. Mafuta, umeme, viwanda, ndege: hapo Mkongo mmoja kwa mwaka hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani ya hewa ukaa. Mmarekani mmoja anafika kama tani kumi na nne. Ukurasa mmoja unasema sisi ni kati ya wadeni wakubwa wa dunia, ukurasa mwingine unasema sisi ni kama hatupo. Kila mtu anafungua ule unaomfaa.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Walikale, ndani kabisa, mahali ambapo barabara ni sifa tu. Miezi ya mvua kidogo alikuwa anachagua kipande cha pori. Kwanza panga, kwa vichaka na kamba za mwitu. Halafu shoka, siku nyingi, pamoja na wajomba. Michikichi haiguswi. Miti ya viwavi haiguswi, kwa sababu viwavi ni mboga. Mti mmoja au miwili mikubwa sana inaachwa kwa sababu haina maana kupigana nayo. Vinakaa vikauke, halafu alasiri moja, baada ya kuangalia upepo na kuwaonya majirani, anawasha. Sisi watoto tulikuwa tunaiona kama sikukuu. Udongo wa msitu ule ni maskini, watu hawaamini, wanaona miti mikubwa wanadhani chini kuna utajiri. Utajiri wote uko juu, kwenye miti, na njia ya baba ya kuuteremsha chini ilikuwa majivu. Unapata mpunga na mahindi mwaka wa kwanza, mihogo na ndizi zinafuata, mwaka wa tatu magugu yanashinda. Unaacha, unakwenda mbele.

Siku moja tulikuwa tunapita njiani akasimama, akasema, "Hapa alilima babu yako." Nikaangalia. Msitu. Miti ambayo mikono yangu isingeizunguka. Nikadhani ananitania, mpaka akanionyesha michikichi imejipanga humo ndani kama watu waliosahauliwa.

Ule moshi wa babu ulikuwa umelipwa. Ulichukua miaka ishirini badala ya msimu mmoja, lakini ni hesabu ileile ya mabua ya mahindi. Kwa hiyo mtu akisema kilimo cha kuhama na kuchoma ni dhambi yenyewe kwa yenyewe, mimi ninakataa. Ni mkopo wa muda mrefu. Unakuwa wizi pale unapokopa tena kabla ya kulipa.

Na ndicho kilichotokea. Vita vya 1996, na vile vya baadaye vilivyozaa vingine, viliwatoa watu ndani wakawabana kando ya barabara, kwa sababu ndani kulikuwa na wenye bunduki. Watu wote wale wakalima palepale. Shamba lililokuwa linalala miaka kumi na mitano likalala minne. Machimbo yakaja, Bisie ikawa mji ndani ya msitu, wachimbaji hawalimi lakini wanakula. Goma ikakua, na mji wetu ule unapika kwa makala (wasomaji wa Tanzania msicheke, kwetu makala ni makaa). Na watu tumeongezeka, hilo nalo tuliseme, si kila kitu ni vita. Baba mwenyewe, mwaka 2005, alichoma kipande kilichopumzika miaka minne tu. Alijua. Alisimama kidogo na kiberiti mkononi. Mimi nilikuwa na shoka, nilikuwa kijana mwenye nguvu, na sikusema neno.

Sasa, je, tulikosea?

Kuna jibu ambalo sisi wakimbizi tunalipenda. Mwaka 1991 Wahindi wawili wa Delhi, Anil Agarwal na Sunita Narain, waliandika kijitabu kupinga hesabu zilizotoka Marekani. Hesabu zile ziliweka methani ya mashamba ya mpunga ya maskini kwenye mizani moja na moshi wa magari ya matajiri, kisha zikasema India nayo ni mkosaji mkubwa. Wao wakauliza: hivi kweli gesi ya mtu anayelima ale, na gesi ya mtu anayetembelea gari kubwa, zina uzito mmoja? Miaka miwili baadaye mwanafalsafa wa Marekani, Henry Shue, akaliweka jambo lile kwa utaratibu: kuna gesi za kuishi na kuna gesi za anasa, na ni dhuluma kumwambia mtu apunguze za kuishi ili mwingine abaki na za anasa. Mimi kwa lugha yetu naiita moshi wa tumbo na moshi wa starehe.

Nakubaliana nao. Kama mwandishi wa daftari ana aibu, angekuwa na rangi mbili za wino.

Lakini nimeishi na jibu hilo muda mrefu, na limeanza kunibana. Kwanza, mpaka kati ya tumbo na starehe haupo pale tunapodhani. Gunia la makala lililotoka kwenye msitu wetu lilikuwa tumbo kwa aliyelichoma, na huko Goma liliivisha maharage ya mtu mmoja na nyama choma ya baa ya mwingine. Pili, tumbo la leo linaweza kula tumbo la kesho, na hilo halimo kwenye kijitabu chochote, liko shambani. Tatu ndilo gumu, na siwezi kulieleza bila kusema nilichofanya.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka kumi na minne, nasoma Goma kwa shangazi. Julai ile watu kutoka Rwanda walivuka kwa malaki. Wakawekwa Mugunga, Kibumba, Katale, kando kabisa ya mbuga ya Virunga, na kila jiko lilihitaji kuni. Msitu ukaanza kurudi nyuma, unaona kwa macho. Sisi wa Goma tulisema: wakimbizi wanamaliza miti yetu. Nilisema na mimi, kwa sauti, njiani, mbele ya watu waliobeba kuni kichwani. Miaka kumi na minne baadaye nikavuka Bunagana na godoro moja.

Hapa tulipewa kipande cha ardhi, jambo ambalo nchi nyingi hazifanyi, na ninaishukuru Uganda kwa hilo bila kejeli. Wanaokuja miaka ya karibuni wanapata kitu kama mita 30 kwa 30, nyumba na shamba pamoja. Kwenye kipande kama hicho hakuna kulaza ardhi. Mahindi na maharage, mahindi na maharage. Katikati ya 2023 tukagawanywa makundi matatu kwa ajili ya posho, na kundi la tatu likaondolewa kabisa, lijitegemee. Mimi niliwekwa la tatu. Nadhani ni kwa sababu nina mikono miwili.

Kwenye mpaka wa kipande changu na shamba la mzee mmoja mwenyeji, Munyankole mwenye ng'ombe, kulikuwa na mgunga mkubwa. Haukuwa wa mtu kwa karatasi. Mchana ng'ombe wake walikuwa wanalala chini yake, zile pembe ndefu zinagusana kama watu wanaonong'ona. Oktoba ile, mimi na mtoto wangu wa kwanza tuliuangusha kwa asubuhi mbili. Tukaufukia na udongo, tukauchoma polepole siku nne. Tulipata magunia matatu, akapita mfanyabiashara wa kuelekea Mbarara, nikanunua unga na maharage na nikalipa muhula mmoja wa shule.

Moshi wa tumbo, si ndiyo? Shue angenitetea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejitetea kabla hata shoka halijagusa gome.

Mzee alikuja siku ya tatu na fimbo yake. Akaangalia kisiki. Akanisalimia kwa Kinyankole, akauliza watoto, akauliza kama mke wangu amepona mguu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, maneno mawili matatu tu: "Ulikuwa na njaa. Lakini ungeniambia."

Hakusema nilikuwa na haki, na hakusema sina. Njaa yangu aliikubali bila kuuliza kadi. Ila aliniandikia. Nilisimama pale nikaona ya kwamba katika hoja zangu zote, za tumbo na starehe, za Wamarekani na magari yao, huyu mzee hakuwemo. Nilikuwa nabishana na mbingu. Deni lilikuwa la jirani, upande wa pili wa ua.

Ndiyo maana nasema kitu ambacho najua baadhi ya wenzangu hawatapenda. Mtu akituambia, "Nyinyi wakimbizi hamna hatia, mnatoa kidogo mno, hamhesabiki," anatuonea huruma, na huruma ile ina bei. Mtu asiyeweza kuwa na kosa lolote ni mtoto mchanga au mgonjwa asiyejitambua. Nilipofika hapa, duka la jirani la Msomali mmoja halikuniandikia kitu kwa karibu mwaka mzima. Taslimu tu. Sikuwa mbaya, nilikuwa mtu ambaye kesho anaweza asiwepo. Siku aliyochukua daftari akaandika jina langu na kilo mbili za sukari, nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo. Dukani haandikiwi kila mtu. Anaandikiwa anayetazamiwa kubaki, na kulipa.

Basi na mimi naomba niandikiwe. Ila niandikiwe kilo zangu mbili, nisiandikiwe na gunia la mwingine. Hatia inamfuata aliyekuwa na njia nyingine akaiacha, na hapo wenye njia nyingi ni wengine, wanajulikana, na ukurasa wao ni mrefu. Deni ni kitu tofauti. Deni linafuata mkono. Ninaweza kukosa hatia na bado nikadaiwa mgunga. Baba alipokuwa na kiberiti mkononi mwaka 2005 hakuwa mkosaji, barabara ilikuwa imejaa na ndani kulikuwa na bunduki. Lakini aliyemkopa alikuwa mtoto fulani wa Walikale ambaye leo angepaswa kusimama hapo njiani, aambiwe "hapa alilima babu yako," aone msitu.

Ndugu zetu wa mashirika, mkiwa mnasoma: ninyi mnashika daftari upande wa pili, na pale pia kuna jambo. Novemba 2021 huko Glasgow, Kongo ilitia saini na mfuko wa misitu ya Afrika ya Kati, CAFI, dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza, ili msitu ulindwe. Ni vizuri. Lakini njia nyingi za kulipia kaboni hupima upungufu: ulikuwa unakata kiasi gani, sasa unakata kiasi gani, tofauti ndiyo inayolipwa. Kwa kipimo hicho babu yangu, aliyelaza shamba miaka ishirini, hana cha kupunguza na hapati kitu. Anayeweza kulipwa ni yule aliyekata sana jana. Sijui mtu anawezaje kumweleza mkulima jambo hilo kwa Kiswahili chochote, na mimi ni mtafsiri.

Mzee wa ng'ombe nilimpelekea miche mitano ya gravelia kutoka kitalu cha kijiji. Alisema gravelia si mgunga, kivuli chake ni chembamba, ng'ombe wataidharau. Kisha tukaipanda pamoja. Miwili imeliwa na mbuzi, mitatu inanifika kiunoni. Ng'ombe bado wanalala juani.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa yule mama wa Masisi kumpelekea jibu lake. Nilikuta anachambua maharage. Nikamweleza yote: Rio, daftari, mpaka wa nchi, ule wa kule ni wa Kongo, huu wa hapa ni wa Uganda. Nikamweleza habari ya tumbo na starehe, na habari ya deni. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mtoto wa jirani akisoma barua.

"Sawa, mwanangu. Lakini mimi sikuuliza hayo."

"Uliuliza nini, mama?"

"Lile shamba langu kuna mtu analilima sasa. Watu wanaotoka kule wameniambia. Anafyeka, anachoma. Nilitaka kujua kama huo moshi wanauandika kwake au wanauandika kwangu. Wakiuandika kwangu, basi kuna mahali bado wanajua ni la kwangu."

Nikanyamaza. Nikamwambia hakuna jina kwenye daftari lile. Wanahesabu kwa picha za setilaiti, kutoka juu sana, na picha zinazotumika zaidi zimekatwa vipande vipande, kila kipande mita 30 kwa 30. Akaangalia kipande chake mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka kwenye choo, mpaka kwenye ua wa miba.

"Kama hapa?"

"Kama hapa, mama. Hapa pote ni nukta moja."

"Na mti mmoja hauonekani?"

"Mmoja, hapana."

Akarudi kwenye maharage. Akatoa mabovu mawili, akayatupa kwa kuku. Kisha akaniuliza tena, bila kuinua kichwa, "Na kama ni mparachichi, mkubwa sana?"